Je, wajua? Kwa nini mguu wa kuku humfundisha mtoto habari za dinosaria

Mpe mtoto wa maternelle (shule ya chekechea) hapa Goma picha ya dinosaria: ataitazama, atanguruma kidogo, kisha ataitupa. Mpe mguu wa kuku na donge la unga, utashangaa atakavyotulia. Kwa nini?

Kwa sababu kuku ni wa ukoo huohuo. Wataalamu wanakubaliana kwamba ndege walitokana na dinosaria wadogo waliotembea kwa miguu miwili, jamaa za mla nyama mkubwa Tyrannosaurus rex. Vile vidole vitatu vya mbele anavyoacha kuku kwenye tope ndivyo vinavyoonekana kwenye nyayo zao zilizogeuka mawe. Dinosaria wengine wote walitoweka miaka milioni 66 iliyopita, ndege wakabaki. Mtoto wa miaka 4 hana habari na milioni, usimsumbue nayo. Kidole atakishika.

Nunua miguu ya kuku soko la Virunga, ioshe na kuichemsha vizuri, maana kuku mbichi hubeba vijidudu. Kanda vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha chumvi, ukitia maji kidogo kidogo, kama kikombe 1 hivi. Tandaza donge liwe nene kama mkate wa chapati uliovimba, mtoto abonyeze mguu, auinue. Anika mpaka likauke. Msimu wa mvua itabidi usubiri. Kisha lifukie kwenye mchanga mweusi, mpe mswaki wa zamani afukue mwenyewe.

Hapo ndipo penye somo. Mnyama alikanyaga tope, tope likakauka, mchanga ukalifunika tabaka juu ya tabaka, uzito ukaligandamiza mpaka likawa mwamba. Lakini usikimbilie kueleza. Mwache afukue, ataanza kuuliza mwenyewe.

“Mwalimu, iko na meno?”

Kuku hana. Archaeopteryx, ndege wa kale aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita na ambaye masalia yake yalipatikana Ujerumani, alikuwa na manyoya na meno pia. Jibu hili watoto hulipenda kupita yote.

Kwa ukubwa, tumia kamba. Mifupa ya Giraffatitan, dinosaria mla majani mwenye shingo ndefu, ilichimbwa Tendaguru, mkoa wa Lindi, Tanzania, kati ya 1909 na 1913. Leo imesimama katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake mita 13.27. Nyoosha kamba ya mita 13 uwanjani, watoto walale kando yake, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Watahitajika kama 13, na kelele haitakosekana.

Mzazi atauliza: nyayo kama hizo zipo kwenye mawe yetu meusi? Hapana. Mawe mengi tunayojengea ni lava ya volkano, nyingine ya juzi tu, mwaka 2002 na 2021. Ni changa mno, tena hushuka ikiwa moto wa kuunguza kila inachokuta. Majivu ya volkano ni habari nyingine. Laetoli, Tanzania, yalinyeshewa mvua, yakakanyagwa, yakagandamana, na mwaka 1978 zikaonekana humo nyayo za viumbe waliotembea wima kama sisi, za miaka milioni 3.6 hivi. Mtoto akidhani hao waliwahi kukimbizwa na dinosaria, mwambie walikuja zaidi ya miaka milioni 60 baadaye.