Maana ya altrasaundi katika kuchunguza uvimbe wa kizazi usio saratani

Altrasaundi ya kizazi ni kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu ili kupata picha ya mfuko wa uzazi. Kifaa anachokishika mpimaji hutuma mawimbi hayo mwilini na kupokea mwangwi unaorudi, na mashine huugeuza mwangwi kuwa picha. Ingawa chumba chake mara nyingi kimo katika idara ya mionzi, kipimo hiki hakitumii mionzi ya eksirei, na mwanamke anayerudia kupimwa mara kadhaa hana sababu ya kuogopa kwa ajili hiyo.

Anayepimwa juu ya tumbo huambiwa anywe maji na asiende haja ndogo, kwa kuwa kibofu kilichojaa husogeza pembeni utumbo wenye gesi, ambayo huzuia mawimbi, na mkojo wenyewe huyapitisha vizuri. Anayepimwa kupitia ukeni hutakiwa kibofu kiwe kitupu. Hapo kifaa huwa karibu na kizazi na picha huwa safi zaidi, lakini kizazi kilichokua hadi kukaribia kitovu hakionekani chote kwa njia hiyo.

Hali mbili zinazochanganywa sana ni faibroidi na adenomiosisi. Faibroidi ni uvimbe wa misuli ya kizazi: kwa kawaida huonekana kama duara lenye mpaka wake, jeusi kuliko nyama inayolizunguka, na mishipa ya damu huzunguka ukingoni. Adenomiosisi ni utando wa ndani wa kizazi kupenya ndani ya misuli. Ukuta hunenepa, mara nyingi upande mmoja kuliko mwingine, hutokea vijifuko vidogo vya maji na vivuli vilivyotawanyika kama upepeo, nayo mishipa hupita katikati ya sehemu hiyo. Tofauti hii ni nzito, kwa sababu faibroidi yenye mpaka daktari anaweza kuimenya na kuitoa, ilhali adenomiosisi iliyosambaa haina mpaka wa kufuata kwa kisu.

Ndiyo maana majibu yanayosema tu “ana uvimbe kwenye kizazi” hayatoshi hata kidogo. Ni lazima yaseme uko wapi, ni mingapi na una ukubwa gani. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, FIGO, hupanga faibroidi kwa namba 0 hadi 8 kufuatana na mahali zilipo: 0 inaning’inia ndani ya uwazi wa kizazi, 7 inaning’inia nje kwa kikonyo. Faibroidi ya sentimita 2 iliyo ndani ya uwazi inaweza kumtoa mwanamke damu nyingi ya hedhi hadi akapungukiwa damu, huku ya sentimita 8 iliyo nje isiharibu hedhi yake hata kidogo.

Polipu, yaani kinyama kinachoota kwenye utando wa ndani, hutafutwa vyema siku chache baada ya hedhi kwisha, utando ukiwa mwembamba. Kikijificha, maji ya chumvi yaliyo safi huingizwa kizazini ili kionekane.

Hata hivyo, altrasaundi peke yake haithibitishi kwamba uvimbe si saratani. Mwanamke aliyekoma hedhi akitokwa damu, na utando ukazidi milimita 4, huchukuliwa kipande cha utando huo kikapimwe maabara.