Je, wajua kwa nini mbuzi wa kundi moja huzidi kuwa wadogo kila mwaka?

Mfugaji wa Misungwi au Magu, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, anaweza kuanza na majike kumi wenye miili, na baada ya miaka sita akawa na mbuzi arobaini ambao hakuna hata mmoja anayemfikia bibi yake kwa kimo. Lawama huenda kwa kiangazi, kwa minyoo, au kwa mbegu ya kienyeji. Kiangazi na minyoo vina sehemu yao. Lakini mara nyingi chanzo kikubwa ni mnada: kila mwaka anauzwa dume aliyekua haraka kuliko wenzake, na anayebaki kupanda majike ni yule ambaye mnunuzi alimpita.

Chukulia madume manne waliozaliwa Machi. Kufika Desemba wawili wana kilo 18, wawili wana kilo 12. Krismasi imekaribia, mchuuzi anakuja, anachukua wale wa kilo 18. Wakati huo mvua za vuli zimeshaleta majani, majike wamepata nguvu na wanaingia joto, kila mmoja baada ya siku 18 hadi 21. Madume waliopo zizini ni wale wawili waliochelewa kukua. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, kwa hiyo kufika Mei au Juni unapokea watoto wa baba dhaifu. Uteuzi umefanyika, ila umefanyika kinyume, na huo ndio unaorudiwa mwaka baada ya mwaka.

Juu ya hilo kuna beberu mmoja kukaa muda mrefu. Beberu akiingia kundini Januari, binti zake wa kwanza wanazaliwa Juni, na wengine wanaweza kushika mimba kabla ya Januari inayofuata. Akiwapanda, kitoto anaweza kupata nakala ile ile ya kasoro ya kurithi kutoka pande zote mbili. Matokeo yake ni watoto wanaozaliwa wepesi, wanaokufa ovyo wiki za kwanza, na majike wanaochelewa kuzaa. Kwa hiyo beberu abadilishwe baada ya mwaka mmoja hadi mmoja na nusu, au binti zake watengwe.

Dawa ya tatizo la kwanza ni kuchagua kabla ya kuuza, na wakati mzuri ni siku ya 90, vitoto wanapoachishwa kunyonya. Macho hayatoshi, pima. Mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia sangara mwaloni, inafaa kabisa: mweke kitoto ndani ya kiroba chenye matundu manne ya miguu, tundika, soma. Kwa mbuzi mkubwa ambaye mizani haimwezi, tumia futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa nyonga ulio karibu na mkia. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,800. Mbuzi wa sentimita 68 kwa 58 anatoka kama kilo 25. Asimame kwa miguu yote minne na asiwe ametoka kunywa maji, vinginevyo utapima tumbo.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na mizani. Kitoto aliyezaliwa peke yake ana kilo 10 siku ya 90. Pacha ana kilo 8.3, na mwenzake vilevile. Jicho linasema mchukue wa kilo 10. Lakini huyo alinyonya chuchu mbili peke yake, na mama yake ametoa kilo 10 tu. Mama wa mapacha ametoa kilo 16.6 kwa mimba moja. Pacha aliyefikia uzito huo akigawana maziwa ana uwezo ambao wa kwanza hajauonyesha. Linganisha pacha na pacha, pekee na pekee, na mtoto wa mzao wa kwanza na wa mzao wa kwanza. Ndiyo maana daftari na hereni za masikioni zinahitajika: namba, tarehe, mama, idadi waliozaliwa, uzito wa kuzaliwa, uzito wa siku ya 90.

Katika madume wako bakiza wawili tu. Mmoja ni wa akiba. Shika korodani: ziwe mbili, zilingane, ngumu kiasi, zimeshuka zote. Aliye na moja aondoke, kwa kuwa kasoro hiyo hurithiwa. Fungua mdomo uone meno ya chini yanagusa ufizi wa juu sawasawa, maana mwenye taya refu au fupi hawezi kuchuma majani vizuri. Beberu mmoja mkomavu anatosha majike 25 hadi 30.

Madume wengine wote wahasiwe wakiwa na miezi mitatu hivi, kwa sababu dume wa miezi mitano tayari anaweza kutia mimba. Kwa burdizo, koleo la kuhasia bila kukata ngozi, hubanwa kila mshipa wa korodani peke yake, sekunde kumi hivi, na alama mbili zisikutane katikati. Ukibana zote kwa mpigo unakata damu na mfuko unaoza. Mshipa ukiteleza, dume anabaki mzima, kwa hiyo mkague baada ya wiki sita: korodani ziwe zimesinyaa. Hakuna hasara sokoni. Neno ndafu lenyewe lilianza kwa maana ya dume aliyehasiwa akanona.

Kunenepesha ni miezi miwili au mitatu ya mwisho. Kila siku akirudi kutoka malishoni, mpe gramu 200 hadi 300 za pumba za mahindi na mashudu ya pamba, sehemu mbili kwa moja, na chumvi kidogo. Kanda ya Ziwa ina bahati ya mashudu. Ila pumba nyingi bila chokaa huleta mawe kwenye njia ya mkojo, na aliyehasiwa akiwa mchanga sana, mwenye njia nyembamba, huathirika zaidi. Ukimwona anajikamua na mkojo hautoki, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Maji yawepo muda wote.

Kufuga kando ya ziwa kuna kipimo chake cha uteuzi. Majani yenye umande hubeba viluwiluwi vya minyoo, na konokono wa madimbwini hueneza minyoo ya ini. Wafungulie jua likishakausha majani, uwaepushe na matope ya kando ya ziwa. Kila wiki mbili wakati wa mvua vuta kope ya chini uone rangi ya ndani: nyekundu ni salama, nyeupe ni minyoo inayonyonya damu. Wape dawa waliopauka tu, uandike namba zao. Jike anayehitaji dawa mara nne kwa msimu, wakati mwenzake hajapewa hata mara moja, asibakizwe na bintiye pia asibakizwe.

Wengi huona njia ya mkato ni beberu wa aina ya Boer kutoka Afrika Kusini. Ukubwa anao, lakini kupe na minyoo ya huku humchosha, na jike mdogo wa mzao wa kwanza anaweza kushindwa kuzaa mtoto wake. Mpe majike wakubwa waliokwisha kuzaa. Huko Malya, Kwimba, watafiti walichanganya Kamorai wa Pakistani, Boer na mbuzi wa kienyeji, kwa sehemu 55, 30 na 15 kwa mia, wakapata mbuzi wa Malya. Tunampa nafasi ya kwanza kwa mfugaji asiye na dawa za kutosha. Lakini hata yeye, ukiuza madume wake wazuri na kubakiza wabaya, miaka sita baadaye utarudi pale pale.

Beberu wa kubadilishana na jirani asitoke ukoo mmoja na wako. Akifika, mtenge wiki tatu: mwogeshe dawa ya kupe, kagua kope, sikiliza kikohozi, maana homa ya mapafu na sotoka ya mbuzi huingia na mgeni. Baada ya hapo ndipo afunguliwe kwa majike, na tarehe hiyo iandikwe daftarini.