Je, wajua? Kwa nini Italia ilimkabidhi jenerali kazi ya kuchanja raia

Tarehe 1 Machi 2021, Waziri Mkuu wa Italia, Mario Draghi, alimwondoa Domenico Arcuri, msimamizi mkuu wa mapambano dhidi ya korona, na nafasi hiyo akampa mwanajeshi: Luteni Jenerali Francesco Paolo Figliuolo. Sindano na jeshi, wapi na wapi?

Jibu limo katika kazi aliyokuwa nayo siku hiyo. Tangu 2018 alikuwa mkuu wa ugavi wa jeshi la nchi kavu. Ugavi ndio unaohakikisha askari aliye mbali anapata chakula, mafuta, risasi na dawa kabla hajaishiwa. Na chanjo ya korona ilikuwa mzigo msumbufu kuliko risasi. Ile ya Pfizer ilihifadhiwa kwenye baridi ya karibu nyuzi 70 chini ya sifuri, na chupa ikishachanganywa tayari kwa kudungwa, ilikuwa na saa sita tu. Gari likichelewa, au wazee mia wakiitwa kwenye kituo kisicho na dozi, daktari hana la kufanya.

Figliuolo alizaliwa Potenza, kusini mwa Italia, mwaka 1961. Alipita chuo cha kijeshi cha Modena, kisha akaingia mizinga ya milimani katika Alpini, vikosi vilivyoanzishwa 1872 kulinda milima ya Alps. Huko zamani mzinga ulifunguliwa vipande vipande ukapandishwa mlimani kwa nyumbu. Baadaye alihudumu Afghanistan, na mwaka 2014 hadi 2015 aliongoza kikosi cha NATO cha Kosovo.

Waitaliano walimtambua kwa kofia. Ya Alpini ina unyoya mmoja uliosimama upande wa kushoto: askari wa kawaida huvaa mweusi, na kuanzia meja kwenda juu huwa mweupe, wa bata bukini. Alikwenda nao hadi kwenye vituo vya chanjo, na gwanda lake kamili. Wapo waliochukizwa kuona sare ya jeshi ikisimamia afya ya raia, na katika nchi iliyopitia utawala wa dikteta Mussolini, naona walikuwa na haki ya kuuliza.

Lengo lake lilikuwa dozi 500,000 kwa siku. Wiki mbili tu baada ya kuanza, Italia ilisimamisha kwa siku chache chanjo ya AstraZeneca ili ichunguzwe, na watu wakaingiwa na woga. Tatizo gumu zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa la foleni. Afya Italia huendeshwa na mikoa, na kila mkoa ulikuwa na utaratibu wake. Kwingine wanasheria walichanjwa huku bibi wa miaka 85 akisubiri simu. Tarehe 9 Aprili jenerali alitoa amri kwa nchi nzima: kwanza waliozidi miaka 80, kisha wa miaka ya sabini, kisha wa sitini. Kufikia mwisho wa mwezi huo dozi za siku moja zilivuka 500,000.

Aliachia kazi hiyo Machi 2022. Mwaka uliofuata mafuriko yaliharibu mkoa wa Emilia-Romagna, na serikali ya Giorgia Meloni ikamwita tena, safari hii kusimamia ujenzi mpya wa barabara na kingo za mito.