Mguu mpana hautaki namba kubwa

Hii ya kwamba mwanamke mwenye mguu mpana achukue tu kiatu cha namba moja juu imezunguka miaka mingi sana na inaumiza watu bure. Namba ya kiatu inapima urefu, upana una kipimo chake. Ukipanda namba unaongeza urefu kuliko upana, kwahiyo kisigino kinachomoka, mguu unateleza mbele vidole vinabanwa vilevile, alafu pale kiatu kinapokunjika sipo tena mguu wako unapokunjika, ndo maana unachoka haraka. Kwa vipimo vya Marekani viatu vya kike vya kawaida ni B, vipana ni D, vipana zaidi 2E, basi tafuta hiyo herufi. Pima jioni maana mguu huvimba kidogo kutwa nzima: simama juu ya karatasi, chora mguu, alafu toa soli ya ndani ya kiatu uiweke juu ya mchoro, mchoro ukizidi pembeni kiache. Na jamani, muuzaji akikwambia kitatanuka, ngozi halisi inalegea kidogo kweli, ila plastiki ni ngumu kulegea na soli ya chini haiongezeki upana hata uvae mwaka mzima.