Pampu ya maji ya gari: ikarabatiwe au ifungwe mpya?

Fundi akikwambia "bosi, wota pampu imekufa", muulize kwanza: kilichokufa ni nini? Pampu ya maji ina vitu vichache tu ndani yake, na si kila kimoja kikiharibika ni lazima ununue pampu nzima.

Mkanda unazungusha puli, puli inazungusha shafti iliyokaa kwenye beringi. Mwisho wa shafti kuna pangaboi dogo, nalo ndilo linalosukuma maji yaliyopoa kutoka rejeta yaingie kwenye bloku na silinda hedi, kisha yarudi kupoa tena. Kati ya maji na beringi kuna sili ya kuzuia maji yasipenye, na mara nyingi hiyo ndiyo inayotangulia kuchoka.

Chungulia chini ya pampu utaona kitobo kidogo. Kimewekwa makusudi: sili ikianza kupitisha maji, yatokee nje yasiingie kwenye beringi. Ukikuta pale michirizi ya kulanti (dawa ya kupoza injini) iliyokauka, jibu umeshapata. Kuna watu hukiziba kwa gundi ya chuma ili tu gari lifike Kaliua. Huo ni ujinga wa gharama. Maji yanabaki ndani, yanaosha grisi, beringi inaanza kulia na shafti inayumba. Kama feni imefungwa kwenye pampu hiyohiyo, siku moja itaparua rejeta, na sasa unadaiwa vitu viwili.

Kukarabati maana yake ni kuichomoa shafti kwa presi, kuweka beringi na sili mpya, kisha kurudisha kila kitu kwenye kipimo chake. Kwa malori mengi, na kwa trekta kama Massey Ferguson, kazi hiyo ina maana kwa sababu seti za vipuri vya ndani zinauzwa na bodi ya pampu ni nzito, inavumilia kufunguliwa. Mwenye trekta la shamba la tumbaku kule Urambo ana haki ya kuuliza habari ya ukarabati. Mwenye IST au Probox, hapana. Pampu zao huuzwa zikiwa nzima, na fundi anayeahidi kupachika sili ya gari lingine kwa nyundo anakuuzia wiki chache. Nyuso mbili za sili husuguana zikiwa laini kama kioo. Mkwaruzo mmoja tu, maji yanapita.

Noah zenye injini ya 3S zina jambo lake. Pampu yake inazungushwa na taimingi beliti, yaani mkanda wa ndani unaoendesha vali za injini, kwa hiyo kuifikia ni kufungua mbele yote ya injini. Ukibadilisha beliti, badilisha na pampu, hata kama bado haivuji. Ufundi ule ule, hela ya ufundi mara moja. Pampu ya mtumba hapo mimi siishauri kabisa, maana sili yake hujui imekaa kavu muda gani.

Lakini pampu husingiziwa pia. Pengine kinachovuja ni gaskiti tu, au mpira wa rejeta. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na presha huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi. Kinachoshikilia presha ni kifuniko cha rejeta; kikichoka, gari litachemsha huku pampu ni nzima. Kupima beringi ni rahisi: zima injini, ipoe, legeza mkanda, shika puli uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha. Pangaboi lililoliwa na kutu halionekani mpaka pampu ifunguliwe, na kutu hiyo huletwa zaidi na maji ya kisima yanayomiminwa bila kulanti.

Pampu mpya ikishafungwa, jaza taratibu, acha injini iungurume huku hewa ikitoka, na usikubali kuondoka gereji kabla feni ya umeme, kama gari lako linayo, haijawaka na kuzima yenyewe.