"Kipimo cha kichwa" katika mpira wa Australia ni nini?

Mtu aliyezoea soka akitazama mpira wa Australia kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja. Mchezaji yuko chini, ameshika goti, na hakuna filimbi iliyopulizwa. Mpira umeshafika upande wa pili na macho ya watazamaji yameufuata. Wahudumu wawili wa timu wanachomoka benchi na kukimbilia kwa majeruhi, wakiangalia kushoto na kulia kama watu wanaovuka barabara kuu. Wanapiga magoti, wanamkagua, wanamweka mabegani, wanatoka naye. Mchezo ndio kwanza unaendelea. Mwamuzi huusimamisha pale machela inapolazimika kuingia. Vinginevyo, aliyeumia ni kazi ya benchi lake.

Uwanja wenyewe una umbo la yai na urefu wake ni kati ya mita 135 na 185, kwa hiyo majeruhi aliyelala pembeni anaweza kuwa mbali kabisa na mpira. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani. Ndiyo maana kule hakuna ule mchezo tunaoujua wa kujiangusha ili kupoteza muda. Ukijiangusha, timu yako inabaki na watu 17.

Sasa, katika utaratibu huo wa "mchezo hausimami", kuna jeraha moja ambalo haliwezi kukaguliwa kwa kukimbia na chupa ya maji na bandeji. Goti lililoteguka linaonekana. Pua inayovuja damu inaonekana, na sheria ya damu inasema wazi kwamba anayevuja atoke, jeraha lizibwe na jezi yenye damu ibadilishwe, ndipo arudi. Lakini mtikisiko wa ubongo hauna damu wala uvimbe. Ubongo umetikisika ndani ya fuvu, utendaji wake umevurugika, na hata picha ya skani mara nyingi hutoka safi. Mchezaji anaweza kusimama, kujipangusa majani na kusema yuko sawa. Kipimo cha kichwa kipo kwa ajili ya mtu huyo.

Kwa maneno mepesi, ni ukaguzi anaofanyiwa mchezaji aliyepigwa kichwani, au aliyeanguka kwa namna ya kutia shaka, ili daktari wa timu aamue kama ubongo umetikisika. Katika ligi kuu ya nchi hiyo, AFL, hupelekwa ndani, chumba cha kubadilishia nguo, mbali na kelele za mashabiki na macho ya kocha. Watangazaji hukiita kipimo cha dakika 20, kwa kuwa huo ndio muda ambao tangu mwaka 2013 kanuni zilimpa daktari amkague mtu huku mwingine akishika nafasi yake.

Mbona zote hizo? Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya karatasi ya maswali yenyewe. Daktari humtajia mchezaji orodha ya maneno, naye ayarudie. Humwambia ataje miezi ya mwaka kinyumenyume, Desemba hadi Januari. Humtajia tarakimu, naye azitaje kutoka mwisho kwenda mwanzo. Humsimamisha kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kisha humtembeza hivyo hivyo kwenye mstari. Hukagua shingo na macho. Halafu, baada ya zile dakika zote za kuchanganywa na mengine, humuuliza: yale maneno ya mwanzo ni yapi? Kumbukumbu ya muda mfupi haipimwi kwa haraka. Lazima muda upite. Anayetaka majibu ndani ya dakika mbili anataka daktari abahatishe.

Kabla ya kuingia chumbani kuna maswali mafupi ya pale pale majanini, na haya yana hadithi inayowahusu Waaustralia wenyewe. Zamani aliyepigwa kichwani aliulizwa jina lake, siku ya kuzaliwa, leo ni siku gani. Mtaalamu wa saikolojia ya ubongo, David Maddocks, na wenzake waliwafuatilia wachezaji wa mpira wa Australia, na mwaka 1995 wakachapisha walichokiona: mtu aliyetikisika ubongo bado anaweza kutaja jina lake bila kigugumizi. Kinachompotea ni mambo ya karibuni. Basi wakapendekeza maswali ya aina nyingine. Tuko uwanja gani? Hii ni robo ya ngapi? Nani kafunga mara ya mwisho? Wiki iliyopita mlicheza na nani? Mlishinda? Leo maswali ya Maddocks, yakibadilishwa kidogo, huulizwa katika raga, soka na michezo mingine mingi, na wengi wanaoyauliza hawajui kwamba yalizaliwa kwenye viwanja vyenye umbo la yai.

Zipo dalili ambazo zikionekana hakuna haja ya maswali. Mchezaji amepoteza fahamu. Ameanguka bila hata kunyoosha mikono kujikinga. Mwili umekakamaa au umepata degedege. Anayumba kama mlevi, au anatazama kama asiyeona. Huyo siku yake imekwisha. Daktari wa siku hizi ana skrini benchi na huweza kurudia tukio mara nyingi apendavyo, na AFL ina watu wanaofuatilia picha za video kutoka kituo chao na kuwatahadharisha madaktari endapo wameona kilichowapita. Hilo ni muhimu kuliko linavyosikika. Mchezo huu hauna kuotea, kwa hiyo kishindo huja kutoka upande wowote, na anayeruka kudaka mpira huruhusiwa kupanda mgongoni mwa mwenzake. Goti hutua kisogoni wakati macho ya uwanja mzima yako juu kwenye mpira.

Pasipo benchi, lakini, kipimo kisingekuwepo. Ligi ya Victoria, mama wa AFL, ilianza kucheza mwaka 1897 bila mchezaji wa akiba hata mmoja. Aliyevunjika alitoka na wenzake wakapungua, au alibaki uwanjani akichechemea. Mtu wa 19 aliruhusiwa mwaka 1930, wa 20 mwaka 1946, na bado aliyetoka hakurudi. Mwaka 1978 ndipo ilipokuja ruhusa ya kubadilishana, yaani kutoka na kuingia tena. Kwa makocha ilikuwa njia ya kupumzisha miguu. Kwa madaktari, kwa maoni yangu, ilikuwa kubwa zaidi: kwa mara ya kwanza waliweza kumtoa mtu *ili wamwangalie*, bila uamuzi huo kumfukuza kwenye mechi. Soka limechagua njia nyingine. Tangu mwaka 2024 sheria zake zinaruhusu mashindano kuweka nafasi ya ziada ya kumbadilisha aliyetikisika ubongo, ila akitoka ametoka, harudi.

Kila njia ina kasoro yake. Inayoruhusu kurudi inampa daktari nafasi ya kukosea. Isiyoruhusu inampa mchezaji sababu ya kuficha.

Na kuficha kuna mizizi. Fainali ya ligi ya Victoria ya mwaka 1989 kati ya Hawthorn na Geelong bado inasimuliwa kama hekaya ya mashujaa. Dermott Brereton aligongwa mpira ulipoanza tu, akavunjika mbavu na kuumia figo, akatapika, akakataa kutoka, na dakika chache baadaye akafunga. Mwenzake Robert DiPierdomenico alicheza akiwa na pafu lililotobolewa, akaishia hospitali. Hawthorn ilishinda kwa pointi 6. Ukiwasikia watu wa Melbourne wakiisimulia unaelewa kwa nini kijana aliyelelewa na simulizi hizo hawezi kuachiwa aseme mwenyewe kama kichwa kinamuuma. Kipimo cha kichwa kinamwondolea mchezaji uamuzi huo, na hapo ndipo ukali wake ulipo.

Tangu mwaka 2011, anayekutwa na mtikisiko harudi uwanjani siku hiyo. Tangu 2021, wa AFL hachezi mechi nyingine kabla ya siku 12 kupita, hata akiamka kesho yake mzima kama kigongo. Kwanza hupumzika, kisha mazoezi mepesi, kisha mazito, na kugongana huja mwisho. Dalili ikirudi, naye hurudi nyuma. Mwaka huo huo wa 2021, msimu ukiwa mlangoni, timu zikapewa mchezaji wa 23, wa kuingia badala ya aliyeumia. Haikuchukua muda minong'ono ikaanza kwamba baadhi ya "majeruhi" walikuwa wamechoka tu, na mwaka 2023 nafasi hiyo ikaachiwa makocha waitumie kwa mbinu. Sioni ajabu. Ukiweka mlango wa dharura karibu na kocha, ataupitia.

Kilichowasukuma wakubwa wa mchezo ni habari za waliokwisha kustaafu. Graham "Polly" Farmer, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa mpira huo, alifariki mwaka 2019, na mwaka uliofuata uchunguzi wa ubongo wake ukaonyesha CTE, ugonjwa wa kuharibika kwa ubongo unaohusishwa na vishindo vya kichwa vya miaka mingi na ambao kwa sasa huthibitishwa baada ya kifo tu. Walifuata Danny Frawley na Shane Tuck. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Heather Anderson wa ligi ya wanawake, mwanamichezo wa kulipwa wa kwanza wa kike kukutwa na ugonjwa huo. Tukumbuke kwamba CTE hutokana pia na vishindo vidogo vidogo visivyofikia mtikisiko, ambavyo kipimo cha kichwa hakiwezi kuvinasa.

Kofia laini ambazo baadhi yao huvaa pia zisikudanganye. Huzuia mikwaruzo na majeraha ya ngozi, haziuzuii ubongo kutikisika. Angus Brayshaw wa Melbourne alikuwa akivaa kofia. Septemba 2023 alipoteza fahamu baada ya kugongwa, akatolewa kwa machela, na Februari 2024 akastaafu kwa ushauri wa madaktari, umri miaka 28.

Katika viwanja vya mitaani, ambako wanaoshughulikia majeruhi mara nyingi ni mzazi wa mtu na begi la huduma ya kwanza, hakuna chumba cha dakika 20 wala skrini. Huko kanuni ni fupi kuliko zote: ukitia shaka, mtoe, na asirudi siku hiyo. Tangu 2024 hachezi mechi kabla ya siku 21, zikiwamo siku 14 bila dalili yoyote kabla ya kurudia mazoezi ya kugongana, na daktari aridhie. Wapo wanaouliza kwa nini mchezaji wa Jumamosi anayecheza kwa mapenzi tu akae nje muda mrefu kuliko nyota anayelipwa. Ni kwa sababu nyota anaangaliwa na daktari kila siku, na yule wa Jumamosi, Jumatatu asubuhi, yuko kazini kwake na hakuna anayemuuliza wiki iliyopita walicheza na nani.