Je, wajua mwanga huzima umeme kwenye jicho la dagaa?

Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ukisimama mwaloni Kibirizi utadhani kuna mji mwingine katikati ya Ziwa Tanganyika. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri au sola. Samaki wanazifuata. Lakini jicho la samaki linajuaje kuwa taa imewashwa?

Kwa umeme. Hilo si jambo jipya: mwaka 1865 Frithiof Holmgren, Msweden, alipima jicho la chura akaona umeme wake unabadilika kila anapolimulika.

Cha ajabu ni namna unavyobadilika. Mimi nilidhani seli za jicho zinazopokea mwanga hulala gizani, zikaamshwa na mwanga. Kumbe kwa dagaa, chura, ng'ombe na hata sisi, ni kinyume kabisa. Gizani ndipo zinapochapa kazi. Vijilango vyake huwa wazi, chembe za sodiamu zenye chaji zinaingia mfululizo, na seli inamwaga kemikali kwa seli jirani bila kupumzika. Mwanga unapofika hugonga rodopsini, rangi ambayo mwili huitengeneza kwa vitamini A (walaji wa mawese mna bahati), na vijilango vinafungwa. Volteji ya seli hushuka kutoka kama milivolti −40 hadi karibu −70, kemikali inapungua, na seli jirani hupata habari kutokana na upungufu huo.

Milivolti 30 ni kitu kidogo mno. Betri moja ya tochi ina 1,500. Seli zenyewe nazo ni ndogo mno, ndiyo maana ilibidi kungoja hadi miaka ya 1960, Tsuneo Tomita wa Japani alipofanikiwa kupima ndani ya seli moja moja za jicho la samaki. Alitumia sindano ya kioo nyembamba ajabu, huku akiitikisa retina (utando wa nyuma ya jicho wenye seli hizo) ili ncha ipenye.

Wadudu wao wana utaratibu mwingine. Kwao mwanga ndio unaofungua vijilango, chaji zikaingia na volteji ikapanda. Kwa hiyo taa ile ile ya mtumbwi inapunguza mkondo wa umeme kwenye jicho la dagaa majini, na papo hapo inauongeza kwenye jicho la nondo anayejigonga kwenye kioo chake.